Sauti Sita za mu Kabati Yangu

Pasteur Éliézer, wewe mwenye kutupatia salle hii ya kanisa hapa Berchem, mu Bruxelles, na kutuomba kintu kimoja tu, tusimwange mafuta ku parquet yake ya mbao. Mheshimiwa Papa Donatien, Rais wa mutualité yetu, ile chama ya bantu ba Likasi na Lubumbashi, pamoja na bageni wenzako batano ba meza ya heshima. Madame Nathalie, profesa wa mutoto yangu, mwenye kukamata tramu mbili juu ya kufika kwetu. Bamaman ba kikundi ya sala, benye kuvaa leo kitenge yetu moja, bluu na ndege ya njano. Bapapa, batonton, bashangazi, na batoto benye kukimbia pale nyuma, benye sitabataja juu sijui ni ba nani: ninawasalimia bote, kila muntu kwa cheo yake, na mwenye nimesahau cheo yake anisamehe, nitamuongezea samaki.

Mimi ni Maman Larissa. Bengi munanijua. Kwa bale habanijui: nilizaliwa Likasi, nilisoma mpaka troisième primaire, darasa ya tatu, kiisha nikauzisha mikate, kiisha nikaolewa, kiisha nikafika huku. Leo ninasafisha macouloir ya hospitali kule Woluwe, na kama ulilazwa kule ukaona chini kunang'aa, ni mimi. Hotuba hii niliandika mwenyewe, na bic, usiniulize niliharibu karatasi ngapi. Élodie eko pa sikio ya Madame Nathalie, anamutafsiria mu français. Élodie, mama, tafsiri yote, isipokuwa pale nitakuambia uache.

Je, tulikuja hapa juu ya nini? Ku carte yenye mulipokea mulisoma hivi: «Familia inawaalika ku sherehe ya diplome ya binti yao Larissa». Maneno ni yangu, na ile rangi ya dhahabu ya pembeni ni yangu pia. Salle hii nilikamata tangu mwezi wa pili. Kitenge nilichagua ku maduka ya Chaussée de Wavre mwezi wa tatu, juu sisi tunajua namna inaendaka: ukingojea matokeo, unakuta kitenge iliisha, bantu ba ndoa balikamata salle, na mutoto anafurahia diplome yake peke yake ku jikoni sawa muntu anakunywa dawa. Ni maman gani hapa hakufanya vile? Maman Antoinette, wewe pale meza ya mbele, ulishonesha robe ya ubatizo ya mujukuu mbele binti yako akutane na bwana. Sikusemi vibaya. Ninakusifu. Imani ni ile.

Bon. Diplome haiko.

Ninarudilia, juu ninaona bamoja banaangalia ku meza ya zawadi, sawa vile inaweza kuwa pale chini ya maua. Haiko pale. Haiko ku nyumba. Haiko hata ku université. Larissa alipashwa kusimama mbele ya jury ya baprofesa mwezi wa sita, na hakusimama, na mwenye kumukosesha ni mimi maman yake, mwenye munaona hapa na kilemba hii yote.

Élodie, hiyo unaweza kutafsiri. Madame anaijua tayari.

Musiangalie mulango, chakula iko na mutakula. Lakini nipatieni nafasi nieleze, na juu ya kueleza, lazima niwafundishe kidogo yenye mimi nilifundishwa, mukubwa huyu mwenye hakumaliza hata primaire.

Larissa anasomaka nini? Miaka mbili nilikuwa ninawajibu ku kanisa: anasoma ordinateur. Munasema, Mungu ni mukubwa. Hakuna hata mumoja aliuliza anasoma nini mu ile ordinateur, na mimi nilishukuru, juu sikujua. Kiisha siku moja nikamuuliza. Nilikuwa ninakata vitunguu. Akanikamata kisu mu mukono, akaniambia sauti ni upepo yenye kutikisika. Mashini inakamata ule upepo, inaukata vipande vyembamba kupita vitunguu vyangu, vipande cent, mia moja, mu seconde moja, na kila kipande inakigeuza namba. Kiisha inajiuliza: kipande hiki kinafanana na nini kati ya zile nilifundishwa? Nikauliza, na kama kinafanana na bintu mbili? Akacheka, akasema hapo njo kazi ya pili inaanza: mashini inaangalia maneno yenye ilitangulia, inabahatisha neno gani inaweza kufuata.

Nilielewa palepale. Ni Maman Antoinette. Unafungua kinywa useme «jana nilienda ku», yeye anamaliza: ku marché, ukakuta tomate ni bei kali. Unaweza kuwa ulienda kuzika muntu. Kwake haibadilishe kintu; alisikia bamaman mingi banasema marché, anabahatisha marché. Larissa akaniambia ni vilevile, Maman, na ni juu ya ile mashini inakosaka: inabahatisha yenye ilizoea.

Na hapo njo shida yetu iko. Mashini ya mu telefone zenu inajua Kiswahili, ndiyo. Lakini ilijifunza kwa bantu benye kusoma habari, Kiswahili yenye ilipigwa pasi mbele ya kutoka inje. Sisi ba Likasi tunachanganya français, tunakata, tunavuta, tunacheka katikati ya neno. Nilisema nayo quinze minutes, robo saa nzima, ikaniandikia nusu ya mustari na kuniomba nirudilie. Larissa aliona ile, ikamuuma. Akasema, kesho docteur ataweka mashini kati yake na mugonjwa, commune yenye kutupatia makaratasi itaweka mashini ku guichet, na mashini ile itasikia bantu bote isipokuwa maman yangu. Donc akachagua mémoire yake, ile kitabu ya kumaliza masomo: kufundisha mashini isikie sisi.

Niwaulize: tangu tulifika mu Bruxelles hii, nani anajifunza juu ya nani asikilike? Si ni sisi, ku masomo ya mangaribi, na cahier, na accent yetu mu mufuko? Ni nani alifikiri siku moja kintu cha hawa bazungu kitakalishwa chini na kuambiwa: leo ni zamu yako, usikilize mama huyu mpaka uelewe?

Élodie, pale pa «hawa bazungu», weka heshima kidogo.

Basi. Kwa kazi ile Larissa alihitaji bantu quarante, makumi ine. Kila muntu quinze minutes mbele ya mikro: unasoma mistari kidogo ya karatasi, kiisha unasema yako mwenyewe, namna unapika, namna ulifika. Nikamuambia, kazi ya ordinateur ni yako, kazi ya bantu uniachie. Nilikuwa na kiburi, ninakiri. Mimi ni présidente wa kikundi ya sala. Mu telefone yangu kuko namba za Likasi yote yenye ilihama.

Na mulikuja. Trente-quatre, makumi tatu na ine. Mulikaa ku jikoni yangu, mulikunywa chai yangu, mulifundisha mashini mambo yenye hakuna mashini ingine inajua. Si munatujua? Muntu wetu hawezi kusoma mustari mbele ya kusalimia. Larissa anaweka karatasi, imeandikwa kwamba mvua inanyesha Jumatatu. Maman Mignonne anakamata mikro, anasema Bwana asifiwe, jina yangu ni Mignonne, ninasalimia bote munaonisikia popote muko, mvua inanyesha Jumatatu. Na bale benye kungojea zamu ku kanape banaitikia Amina. Larissa akaomba kimya mara moja, mara mbili, mara tatu, kiisha akaachilia. Matokeo yake, mashini ilijifunza vizuri kupita kipimo. Kuko siku tuliisahau, haikuzimwa, jikoni hakuna muntu, kuko frigo tu inanguruma, na mashini ikaandika yenyewe ku ekrani: Bwana asifiwe. Pasteur, kama frigo yangu iliokoka mimi sijui, hiyo ni kazi yako.

Lakini bantu sita balikataa.

Papa Donatien nilimupigia mara ine. Alinijibu kwa heshima, sawa vile anajibuka bote. Alisema sauti ya muntu ni sawa signature yake; hawezi kuiacha mu mashini yenye hajui mwenyewe wake ni nani, na kesho aisikie ku bureau fulani inasema mambo yenye yeye hakusema. Tonton Kabeya akasema, kama Papa Donatien hatoe, yeye ni nani wa kutoa. Maman Antoinette, mwenye hajanyamaza tangu alishuka mu ndege, ile siku alikuwa na koo mbaya, na koo ile ikamushika wiki saba. Bengine batatu sitabataja. Banajijua, na kitenge yangu inabakaa vizuri.

Zilibaki siku tano za kukamata sauti. Larissa hakulala tena. Maman mwenye kuona mutoto anakonda mbele ya macho yake, anafanya nini? Nitawaambia yenye mimi nilifanya, na batoto bazibe masikio.

Mu chambre yangu kuko kabati ya manguo. Larissa mwenyewe ndiye alinifundisha kwamba pahali pazuri pa kukamata sauti ni kati ya mamanteau, juu nguo zinameza kelele. Akaenda ku université. Nikakamata mikro yake, nikaingia mu kabati, nikajifungia, nikawa Papa Donatien.

Nilikuwa Papa Donatien muzuri. Nilishusha sauti mpaka ku tumbo, nilikohoa kidogo mbele ya kila mustari, nilisema «chers compatriotes» pahali hakukuwa compatriote yeyote isipokuwa manteau ya mvua. Siku ya pili nikawa Tonton Kabeya, na kijiti mu meno. Siku ya tatu nikawa Maman Antoinette, na ile haikunichokesha, nilisema quinze minutes bila kuvuta pumzi. Siku ya ine na ya tano nikamaliza batatu bale. Kiisha nikakamata karatasi sita za kuitika, zile muntu anatia signature kwamba anatoa sauti yake kwa mapenzi yake, nikazitia signature zote, nikibadilisha bic. Nikatoka mule na jasho, kilemba imepinda, nikijiona nimesaidia, na Larissa nikamuambia balikuja bote sita yeye akiwa ku université.

Sikujua kintu kimoja. Mashini ikimaliza kujifunza, inapewaka examen. Na examen ile haifanywe na sauti zenye ilijifunza nazo. Inafanywa na sauti za bageni, zenye haijasikia hata siku moja, juu mutoto mwenye aliona maulizo mbele hajui kintu, anakumbuka tu. Larissa akagawanya bantu: bengi ba kufundisha, kidogo ba examen. Ba examen akaweka nani? Bale sita ba mwisho. Na kati ya bale ba kufundisha, mwenye kusema kupita bote ni nani? Ni mimi. Bengine quinze minutes. Mimi nilitoa masaa matatu, juu ni mutoto yangu.

Mashini ikafaulu ile examen kwa ajabu. Quatre-vingt-seize sur cent, tisini na sita juu ya mia. Larissa alinikumbatia ku couloir, na mimi nikasikia haya kidogo, kidogo sana. Akapeleka ile cote, ile alama ya examen, kwa Madame Nathalie. Madame, hapa ninakusifu mbele ya bantu bote: profesa mwingine angepiga makofi. Wewe uliuliza ulizo moja tu, juu ya nini mashini inasikia bageni vizuri kupita namna inasikia bantu ba ndani.

Larissa akarudi na karatasi, akaiweka ku meza kati ya sahani yangu na yake. Ilikuwa picha ya nukta. Akanieleza polepole, na sauti ya mwalimu, kwamba mashini inaweza kuacha maneno na kuangalia tu mwenye kusema: koo yake, pua yake, namna hewa inapita. Unaweza kupandisha sauti, unaweza kuishusha. Koo unabaki nayo ileile. Kila sauti ni nukta moja, na bantu mbalimbali banakaa mbalimbali. Nikaangalia. Nukta zilitawanyika vizuri, kila moja pa yake. Na pembeni, kule chini, kulikuwa saba zimelaliana sawa vifaranga.

«Maman», akasema, «hii saba ni ba nani?»

Nikasema labda ni familia moja.

«Papa Donatien na Maman Antoinette ni familia moja?»

Nikasema bantu ba Likasi bote ni familia moja.

Hakucheka. «Maman. Moja kati ya hizi saba ni wewe.»

Mimi sikupataka bulletin mbaya ya masomo mu maisha yangu, juu niliacha masomo mbele ya kuipata. Ile siku nilizipata zote kwa moja.

Sasa munisikilize vizuri, juu hapa sichekeshe. Larissa angeweza kunyamaza. Cote ilikuwa nzuri, jury ilikuwa imebakiza siku onze, kumi na moja tu, salle hii nilishaimaliza kulipa. Na mimi maman yake, mwenye kuwaongozea sala kila Alhamisi, nilimuambia: nani atajua? Akaniangalia. Akasema: «Mimi nitajua. Na nitakuwa nimefanya mashini yenye kusikia muntu mumoja tu duniani, maman yangu mu kabati.» Kesho yake akaondoa sauti zile sita, akaandika mu mémoire kwamba hazikuwa za kweli, zilifanywa na muntu mumoja wa karibu. Jina yangu hakuitia, lakini Madame alielewa. Sauti za examen hazikutosha tena, na jury ikamupeleka deuxième session, ile zamu ya pili ya mwezi wa nane. Na Madame Nathalie anamungojea mpaka mercredi hii, Jumatano. Kama mpaka mercredi hakuna sauti sita za bazee ba kwetu, zenye mashini haijasikia, hawezi kumutilia signature, na mutoto yangu anarudilia mwaka muzima.

Musifikiri sikutafuta bengine. Ni mwezi wa saba. Bamoja balienda Lubumbashi, bengine banaogesha bajukuu ku bahari, na bale balibaki, mashini inabajua tayari. Mwenye alifundisha hawezi tena kufanya examen.

Tangu ile siku, wiki tatu sasa, Larissa hakula na mimi. Anafika, anasema bonjour Maman, anapakua, anakwenda na sahani yake ku chambre. Kiisha anairudisha, anaiosha, sahani moja na kijiko moja, anazipanguza, anaziweka pa yake. Kama angeivunja, ningelala usingizi.

Aliniomba kintu kimoja. Alisema, Maman, uambie bantu ukweli. Njo ninawaambia. Hakusema lini. Hakusema mbele ya kununua kitenge ao nyuma.

Na sasa, bageni ba meza ya heshima. Hamukujiuliza? Tonton Kabeya, wewe mwenye banakukalishaka kila sherehe nyuma ya nguzo, leo uko mbele kabisa, na kitambaa nyeupe, na maji ya chupa, na jina yako imeandikwa ku carton. Haukuona ajabu? Mujihesabu. Muko sita. Nilijua kama nikiwapigia telefone hamutaishika; lakini muntu wetu akisikia kuko carton na jina yake ku meza ya mbele, hata malaria haimuzuie.

Kuko na uongo ya pili, niimalize pamoja na ya kwanza. Larissa eko mu chumba kile kidogo pembeni ya jukwaa, na mikro yake. Alikuja juu nilimuambia bazee sita balishakubali. Habakukubali. Larissa, ninaona umetoa kichwa inje. Ndiyo, mutoto yangu, umesikia vizuri. Habajakubali. Sikubauliza.

Ninabauliza sasa. Lakini mbele ya kuomba sauti, niombe yenye inapashwa kutangulia.

Papa Donatien. Ulisema sauti ya muntu ni signature yake, na mimi nilikucheka na bamaman bengine, tukasema muzee anaogopa mashini. Kiisha nikaenda kufanya ile yenye wewe uliogopa: sauti yenye si yako ikasema na jina yako, na bic yenye si yako ikatia signature yako. Hakuna mashini ilifanya vile. Ilifanya mukristo, na kilemba. Ninakuomba musamaha, wewe wa kwanza, kiisha ninyi batano, mbele ya bote. Ningepiga magoti, lakini magoti yangu yalibaki Woluwe. Munipokelee vile nimesimama.

Na ulizo yako, Papa, ulikuwa na haki ya kujibiwa. Jibu ilikuwa ku karatasi yenye Larissa aliandika mu français na mu Kiswahili, yenye sikukusomea juu niliona ni ndefu. Inasema sauti yako itabaki ku université kwa kazi ya masomo tu. Jina yako inatolewa, inawekwa namba. Na kama kesho unabadilisha mawazo, unamuambia Larissa, anaifuta, hakuulize juu ya nini. Utaisoma mwenyewe, na miwani yako, na wakati wako, na utatia signature na bic yako ao hautatia.

Hakuna kulazimisha. Larissa alinikataza, na mimi, niseme ukweli yote, nilikuwa nimeshafikiri kuficha funguo ya jikoni. Niliiacha. Mwenye kukataa atakula sawa mwenye kukubali, bukari ileile, sombe ileile, samaki ileile, na nitamupakulia mimi mwenyewe bila kumuangalia vibaya. Nitajaribu.

Hamuhitaji kusema maneno makubwa. Museme namna mulifika huku. Museme namna ya kupika matembele. Kama hamuna la kusema, munisengenye mimi: quinze minutes hazitatosha, na mashini itajifunza maneno mapya mengi.

Larissa, mutoto yangu. Siku uliondoa zile sauti sita, nilikuona sawa muntu mwenye kutupa chakula ya nyumba, na njaa iko. Nilikukasirikia, ulijua? Maman mwenye kosa njo alikuwa anakasirika. Leo ninaona chakula ile haikuwa yetu, niliipakua mu chungu cha bengine bakiwa habapo. Ulinifundisha namna mashini inasikia, na nilielewa upesi, mpaka nikajisifu ku hospitali. Hii ingine nilielewa polepole. Usinisamehe leo mbele ya bageni, itakuwa sawa nimekulazimisha. Unisamehe siku yenye unataka, ku nyumba, na sahani mbili.

Ninashukuru Pasteur Éliézer kwa salle. Ninashukuru Madame Nathalie, mwenye angeweza kufunga ile mémoire na akasema tungojee. Élodie, hii umutafsirie polepole, kiisha umurudilie. Ninashukuru bote trente-quatre, na Amina zenu. Ninashukuru benye kuleta zawadi. Zitabaki pale, hatufungue mpaka mwezi wa nane, na jury ikikataa kila muntu atarudi na yake ku nyumba, niliandika majina.

Nilikuwa na karatasi moja tena, ya mashauri kwa vijana. Ninaiacha. Ukuta wa kile chumba ni mwembamba, na sauti yangu ikipita mule itaingia mu mikro, na mashini itasema: huyu tena.

Papa Donatien, ninaona umesimama. Sikuulize unaenda wapi. Mulango wa kushoto ni choo, mulango wa kuume ni Larissa. Na ninyi bote, asanteni kwa masikio yenu mpaka hapa. Mimi ninafunga kinywa, tusikilize pamoja ni mulango gani unafunguka.